Pijo ya Safu Tatu: Kumpeleka Mama Mkwe Sori

Tangu nirudi Nakuru, kila Jumamosi pale tunapooshea magari naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, si ulienda kuchukua gari tu, ukapotelea wapi?" Nimechoka kujibu kwa vipande, huyu akinikatiza kuuliza habari za kabureta, yule akitaka kujua nilikula nini Homa Bay. Basi leo nimeketi nikaandika yote. Someni, halafu mniache ninywe chai yangu kwa amani.

Ugonjwa wangu mnaujua. Mimi ni mtu wa Voi niliyeletwa Nakuru na kazi ya ualimu wa Kiswahili, na pesa za pombe ambazo wenzangu huzimaliza baa, mimi huzimalizia kwenye vipuri vya magari ya zamani. La kisasa ninalo pia nyumbani, dogo, la mke wangu. Linalia ukisahau mkanda, linalia ukikaribia ua, linalia mlango ukiwa wazi. Nikishuka humo najiona kama mtoto aliyekaripiwa njia nzima. Sisemi ni baya. Halinywi mafuta na haliharibiki ovyo, Mungu anajua. Lakini ukifungua bonneti unakuta plastiki nyeusi tupu, hujui hata injini imekaa upande gani. Pijo 504 ukiifungulia bonneti, kila kitu kinakutazama usoni na kila kitu unaweza kukigusa.

Nikiwa mtoto Voi nilikuwa nikikaa kando ya barabara ya Taveta kusubiri Pijo zipite. Nilizijua kwa mlio kabla hazijatokea kwenye kona, mkia umeinama kwa mzigo, pua iko juu, vumbi nyuma. Niliapa siku moja nitakuwa na yangu. Ikanichukua mpaka nywele zikaisha kichwani.

Nilipopata habari kwamba Rongo kuna moja inauzwa, ile ya familia yenye safu tatu za viti, nilimwambia mke wangu Akinyi nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Hakugomba. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Alisema, "Sawa. Ukishaichukua, pitia Asumbi umpeleke Mama Sori."

Hapo lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Mama mkwe wangu anaitwa Konsolata. Ameolewa upande wa Asumbi lakini kwao ni Karungu, huko Sori, kando ya ziwa, ndiyo maana hadi leo wanamwita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Katika tumbo lao wamebaki wawili tu, yeye na dada yake mkubwa, Yunia. Na Yunia amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Alianza na majina ya wajukuu. Juzi juzi alimuuliza kifungua mimba wake mwenyewe anamtafuta nani pale bomani. Mama alipoambiwa hayo alitaka jambo moja tu: afike Sori kabla dada yake hajamsahau na yeye.

Kwa nini hakwenda mapema? Magoti yake hayawezi tena kupanda na kushuka magari ya abiria, wanawe wa kiume wako mbali, na gari lililokuwepo ni letu, lile dogo. Sasa kwa Wajaluo mama mkwe na mkwewe wanaheshimiana kwa kuwekeana nafasi. Hawali pamoja, hawakai karibu karibu, hawatazamani machoni, na wa kizazi cha Mama hata maneno hayaendi moja kwa moja, lazima awepo mtu wa kuyapokea katikati. Vijana wa siku hizi hawajali. Mama anajali. Mara mbili nimewahi kufika na lile gari dogo kumchukua, na mara mbili alilitazama, akaona kiti chake na changu vimepishana shibiri moja, akarudi ndani. Akinyi alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya: safu tatu, mkwe mbele, mtu katikati, mama nyuma kabisa. Gari nililolinunua kwa ujinga wangu ndilo gari pekee ambalo mama yake angekubali kulipanda.

Rongo

Habari za kuandikishana naziruka, hazina utamu. Mwenye gari, Mzee Odongo, ni mkulima wa miwa nje kidogo ya mji. Alinikaribisha kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, tukaongea habari za mvua mpaka nikahisi makalio yanawaka. Kule huwezi kufika kwa mtu ukauliza gari liko wapi kabla hujaulizwa watoto wako wanaendeleaje.

Hatimaye akanipeleka bandani. Ilikuwa nyeupe, au iliwahi kuwa nyeupe. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma, mzee akamtoa kwa upole akayaweka mayai ndani ya kofia yake. Nilipofungua mlango nikapigwa na ile harufu, ngozi ya viti, petroli na vumbi la zamani, na sioni aibu kuwaambia kwamba machozi yalinilengalenga. Gia iko palepale kwenye usukani. Mzee akavuta choki, akapiga stata mara ya kwanza, ikakohoa. Mara ya pili ikashika. Nilisimama pale nacheka peke yangu.

"Mwalimu, ngoja kidogo," akasema. Akamwita mke wake, mama mnene mwenye kitambaa kizuri cha kanisani, akamkalisha mbele, wakatoka langoni na gari langu. Nikadhani wanageuzia palepale barabarani. Hawakurudi. Nikakaa juu ya gogo, nikasimama, nikakaa tena. Jirani aliyekuwa akifunga mbuzi akaniuliza kama nimeletwa na wale wa kiwanda cha sukari. Nilishaanza kuamini kwamba mzee amebadili nia na mimi sina la kufanya, maana hata lango sijui linatokea wapi.

Walirudi jua limeshapanda, mama amebeba mkungu wa ndizi. "Tulikuwa tunasalimia watu," mzee akasema, kana kwamba ni jambo lililo wazi. "Hii gari ilituoza, ikazaa watoto wetu, ikazika wazee wetu. Haiwezi kutoka bila kuaga." Kila nyumba waliyosimama walinyweshwa chai. Kisha akanipa funguo na akaingia ndani bila kuangalia nyuma. Mkewe ndiye alibaki kunipungia mkono.

Asumbi

Barabara ya kwenda Asumbi niliiendesha kama bwana arusi. Kila mzee niliyempita aligeuza shingo. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli alishuka kabisa, akasimama kando akanipigia saluti. Lile gari dogo halijawahi kupigiwa saluti na mtu yeyote isipokuwa askari wa kuegesha, na yeye alikuwa na nia yake.

Nyumbani kwa wakwe nilipokewa vizuri. Niliwekewa meza peke yangu nyumba ya pembeni: kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mboga ya apoth inayovutika kwenye vidole. Mama sikumwona, nilimsikia tu jikoni. Kila baada ya muda shemeji yangu Atieno, mdogo wake Akinyi, alichungulia mlangoni na ujumbe.

"Shemeji, Mama anasema ule."

"Mwambie nimekula."

"Anasema hujakula. Amehesabu mifupa."

Atieno ni fundi wa kushona, na ndiye aliyepangwa kuwa mtu wetu wa katikati. Tatizo ni kwamba shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na alikuwa amekesha siku kadhaa akishona sare. Asubuhi alikuja garini macho mekundu, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

Kumpandisha Mama ilikuwa shughuli. Kwenye Pijo ya familia, ili ufike safu ya nyuma lazima ukunje kiti cha kati upite ukiinama, na mama mkwe hawezi kuinama mbele ya mkwewe. Nikaenda kusimama nje ya ua, nikatazama paa la kanisa la misheni kwa makini kuliko lilivyostahili. Niliporudi alikuwa ameshakaa, kikapu mapajani, kitambaa kichwani, wima. Nikaingia mbele, nikakishika kile kioo cha ndani nikakigeuza kitazame paa la gari, ili macho yetu yasije yakakutana humo. Nyuma nikasikia Mama akivuta pumzi na kusema jambo kwa Dholuo.

"Anasema mama yako alikulea vizuri," Atieno akanifasiria. Akapiga miayo. Niwaulize ninyi wenye magari ya kamera za nyuma: hiyo kamera ungeigeuzia wapi?

Homa Bay, ambako hatukuwa tunaenda

Mpango ulikuwa rahisi. Kutoka Asumbi unafika Rodi Kopany, pale unaiacha njia ya Homa Bay, unashika ya Ndhiwa, inakupeleka hadi Sori. Hata mtu wa Voi hawezi kupotea.

Siku hiyo Rodi ilikuwa na soko la ng'ombe. Barabara nzima ilikuwa pembe na mikia na watu wenye fimbo wakigombana. Nilikuwa natambaa kwa gia ya kwanza, nikihofia rangi ya gari langu, nikamkwepa fahali mmoja aliyeamua kunusa taa. Nilipochomoka upande wa pili nikashukuru Mungu, nikatia gia ya pili, ya tatu, na ile Pijo ikaanza kuimba. Ndugu zangu, hakuna gari la leo linalopita kwenye mashimo namna ile. Haligongi, linabonyea tu na kuinuka.

Nyuma Mama akakohoa.

Nikafikiri ni vumbi. Nikapandisha kioo changu. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikasimamisha kando, nikazunguka nikapandisha na vioo vya nyuma, macho chini, nikarudi kuendesha nikijisifu kwa adabu yangu. Atieno alikuwa amelala, mdomo wazi. Mama akaendelea kukohoa kwa vipindi, na kila akikohoa mimi nilipunguza mwendo kidogo, maskini, ili vumbi lisipande. Joto ndani likawa la tanuri.

Kisha barabara ikateremka na mbele yangu kukatokea maji, mapana, yanang'aa, na mabati ya mji. Nikasema moyoni, ajabu, Sori iko karibu hivi?

Atieno akaamka, akajifuta mdomo. "Shemeji. Mbona tuko Homa Bay?"

Nyuma Mama akasema maneno mengi kwa mpigo, ya kwanza tangu Asumbi. Atieno alisikiliza, akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akashindwa. "Anasema aliona umekata kona vibaya palepale Rodi. Anasema amekohoa mpaka koo imechubuka."

"Si angeniambia?"

"Angekuambia vipi na mimi nimelala?"

"Angekuamsha."

"Ningeamshwa vipi na mzee kama yeye, mbele yako, akinipigapiga? Si ungedhani tunagombana?" Akanitazama kama mwanafunzi mzito. Mwanamke mwenye hamu kubwa kuliko sote ya kufika Sori alikaa akitazama njia yake ikibaki nyuma, kwa sababu mimi nina heshima na yeye ana heshima. Nilijisikia vibaya sana. Kila dakika tuliyopoteza ilikuwa yake, haikuwa yangu.

Kwa kuwa tulishafika, tukala. Mimi nilikula kibanda cha mbele, wao cha nyuma, samaki wa kukaanga na ugali, na kila upande ukajua mwenzake anakula nini kupitia kwa Atieno aliyekuwa akienda na kurudi na sahani. Katika kujirekebisha nikanunua samaki wakubwa wa kubanikwa, nikawafunga kwenye gazeti, zawadi ya Mama Yunia. Atieno akawatazama.

"Shemeji, unapeleka samaki Sori?"

"Kuna ubaya?"

"Hapana. Ni vile Sori ndiko wanatoka."

Wakati nachunguza maji ya rejeta pale stendi, Mama ameshakaa nyuma, mzee mmoja mwenye koti na gunia la njugu akafungua mlango wa kati akaketi. Nikamwambia, mzee, hii si gari ya abiria. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Pijo, safu tatu, uko stendi, halafu si ya abiria? Mimi naenda Ndhiwa." Nikatafuta msaada kwa Atieno. Mama akasema neno moja huko nyuma.

"Anasema mchukue," Atieno akasema. "Anasema tukipotea tena, huyu anaweza kuongea na wewe."

Njia ya Ndhiwa

Mzee wa njugu alituburudisha. Tulirudi Rodi, safari hii pembe zikiwa zimepungua, na kwenye njia panda watu watatu wakanionyesha kona kwa pamoja: Atieno kwa kidole, mzee kwa fimbo, na Mama kwa kikohozi.

Nikaanza kumweleza mzee uzuri wa magari ya zamani. Nilimwambia yalitengenezwa kwa chuma cha kweli, fundi yeyote aliweza kuyatengeneza kwa spana mbili, na abiria alisafiri kama mtu. Alitafuna njugu mpaka nikamaliza.

"Ulikuwa unazipanda?" akauliza.

"Nilikuwa naziona zikipita. Nilikuwa mdogo."

"Ndiyo maana." Akageukia dirisha. "Mimi nilikuwa ndani. Tulikuwa kumi na mbili kwa hii gari yako, na kuku. Mtu alikuwa anakaa juu ya goti yako kutoka Sori mpaka Kisii, mkishuka mguu umekufa. Ilikuwa inanuka petroli, watoto wanatapika. Siku hizi nikipata ile Probox ya kijana wangu, nakaa mbele, dirisha nafungua, nashukuru." Kisha, baada ya kitambo, akakipapasa kiti kwa kiganja. "Lakini kiti ilikuwa hivi hivi. Laini. Hiyo ni ukweli."

Nyie mtasema ameshinda, na labda ameshinda. Mimi nilizipenda kutoka kando ya barabara, bila petroli wala matapishi, na kitu unachokipenda kwa mbali huwa hakikukanyagi miguu. Lakini tulipomshusha Ndhiwa hakuondoka. Alizunguka gari lote, akachungulia nyuma, akamsalimu Mama kwa heshima, na alisimama pale na gunia lake mpaka tukapotea.

Baada ya Ndhiwa Mama akaanza kuongea mwenyewe. Aliongea polepole, na Atieno akawa ananipa kipande kipande bila kugeuka. Kwamba siku ya kuolewa kwake baba mkwe wangu, marehemu, alikuja kumchukua na Pijo nyeupe ya kuazima. Kwamba yeye hakuwa amewahi kukaa ndani ya gari. Kwamba dada yake Yunia, aliyekuwa ameolewa boma la pili tu, ndiye aliyemlea tangu mama yao afe, na siku ile alimfungia nguo zake kwenye kikapu na kukimbia nyuma ya gari mpaka pale njia inapopanda.

"Anasema hakugeuka kumtazama," Atieno akasema. "Alikuwa anaogopa atalia na aharibu poda."

Tulikuwa tunapita mashamba ya mtama na ng'ombe waliolala barabarani wakidhani ni yao. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Nikakanyaga mafuta, na ile mashine kuukuu ikanitii.

Sori

Unaijua Sori kwa pua kabla ya macho. Omena, dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa kwenye nyavu chini kila mahali, wanang'aa, na akina mama wanawageuza kwa mifagio. Nikaficha samaki wangu wa gazeti chini ya kiti.

Boma la Mama Yunia liko juu kidogo ya ufuo. Tuliingia, nikazima injini, nikakimbilia kutazama ziwa ili Mama ashuke. Nilipogeuka alikuwa amesimama, amejishika mlangoni mwa gari, anamtazama bibi mmoja mdogo wa mwili aliyekaa kwenye kigoda juani, miguu ameinyoosha. Yunia hakuwa akimtazama. Alikuwa akilitazama gari.

Mama akaenda kwake. Magoti yale yalimchukua muda. Akainama, akamshika mikono miwili, akasema, na haya hata mimi kwa Dholuo yangu ya sokoni niliyaelewa: "Dada, ni mimi. Konsolata."

Yunia akamtazama vizuri, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni. Akajibu. Atieno, kando yangu, akanong'ona tafsiri yake kabla hajafikiri kama anipe au asinipe.

"Anasema Konsolata hayupo. Ameenda ziwani kuchota maji. Anasema tukae."

Mama bado alikuwa ameishika ile mikono. Nilitaka kurudi kule Rodi, nikate ile kona sawasawa, tufike mapema, ingawa najua isingebadili chochote. Kilichotokea kilikuwa kimeshatokea kabla sijamwona yule kuku wa Rongo.

Yunia akaendelea, Atieno akinifasiria. Watu wa Asumbi, mmefika mapema. Gari zuri. Halafu akaninyooshea mimi kidole, akanipima kuanzia kichwani, akauliza jambo lililomfanya Atieno ashtuke na kicheko.

"Anauliza bwana arusi mbona hana nywele."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana arusi wa mama mkwe wangu! Miaka yote hii sijawahi hata kumpa mkono, leo nimesimama mbele yake naozwa. Nikatazama viatu vyangu. Yunia akaniuliza tena, sauti imebadilika, inaomba. Nikamngoja Atieno. Hakutafsiri. Nilipomtazama, alikuwa amegeukia gari, mabega yanatikisika, na hakikuwa kicheko tena.

Bibi ananitazama, anasubiri jibu, nami sijui nimeulizwa nini.

"Baba Wakesho."

Sauti ilikuwa ya Mama, akiniita kwa jina la binti yangu. Kwa Kiswahili, na kwangu. Hakuniangalia, alikuwa akimwangalia dada yake, lakini maneno yalikuwa yangu, hapakuwa na mtu katikati. "Anauliza kama utakuwa unamrudisha. Huyo msichana. Kama utakuwa unamleta amwone, ama ukimchukua ni basi." Akaikaza ile mikono. "Mjibu. Anangoja."

"Mwambie nitamleta," nikasema. "Mwambie gari ni langu, si la kuazima. Nitamleta kila akitaka."

Mama akamwambia. Yunia akatikisa kichwa kukubali, ameridhika nusu. Sisi wanaume hatuaminiki, hilo lilionekana usoni mwake. Akaniacha, akamgeukia yule mama mzee aliyemshika mikono, na akamsogelea sikioni, mtu mzima kwa mtu mzima. Atieno alikuwa amerudi karibu yangu. Akanifasiria kwa sauti ya chini, neno kwa neno, pua imeziba.

"Anamuuliza kama yeye ndiye mama ya bwana arusi... Anasema, wewe unaonekana mtu mzuri. Anasema Konsolata ni mtoto bado. Hapendi kuamshwa mapema. Giza anaogopa, lakini hawezi kusema, usimcheke. Anasema alimlea yeye mwenyewe, mama yao alikufa. Akilia siku za kwanza asipigwe kelele, apewe tu maziwa, atanyamaza." Atieno akapumua. "Anamwambia, nitunzie yeye. Sina mwingine."

Mama mkwe wangu alisikiliza yote, akiitikia kila jambo kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa njia asiyotaka kuipotea. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungetaka aiachie ile mikono.

"*Abiro rite*," akasema. Nitamtunza.

Yunia akamshukuru. Akasogea kwenye kigoda chake kumpa nafasi, akalipigapiga tandiko la mkeka kando yake, na Mama akakaa. Akatuambia na sisi tukae, Konsolata hatakawia, ni vile hupenda kucheza na maji. Tukaketi chini sote, mimi pia, karibu kabisa na mama mkwe wangu, tukawa tunaitazama njia inayotoka ziwani.